Nani aliua harufu ya mbao zetu? Historia fupi ya sipre, verni na rangi ya «acajou»

Juma hili siandiki juu ya siasa wala juu ya bei ya mahindi. Naandika juu ya mbao. Kwa yule ambaye mega zinamwishia, jibu nalitoa mapema: harufu ya mbao za nyumba zetu haikuuawa na wakati, ilifungwa chini ya verni. Na ile tabia ya kuifunga ina historia, ina tarehe na ina watu, na sehemu kubwa ya historia hiyo haikuanzia Bukavu.

Tukisema lambri, tunasema zile mbao nyembamba zinazopangwa ukutani ao kwenye plafo ndani ya nyumba, moja inaingia ndani ya nyingine. Katika nyumba za zamani za Nguba, Muhumba na Ndendere bado zipo, hata kama nyingi zimepakwa mara tano. Na siku hizi zimerudi kwa nguvu. Mtu anayejenga anataka salo iwe na ukuta mmoja wa mbao na plafo ya sipre. Bei siyo ndogo. Na karibu kila mara mazungumzo kati ya mwenye nyumba na meniziye yanaenda hivi: «Rangi gani, patro?» «Weka acajou, ing'are sana.» Basi. Hakuna anayeuliza kama harufu itabaki. Miezi miwili ikipita njo utasikia malalamiko: «Lakini kule atelye mbao ilikuwa inanuka muzuri, hapa inanuka verni tu!»

Nimesoma agronomia, basi mniruhusu somo fupi. Harufu ya mbao siyo pambo, ni silaha. Mti hauna miguu ya kukimbia mchwa. Kwa hiyo unaweka ndani ya moyo wake mafuta yanayochukiza wadudu na kuvu. Wanakemia wanayaita terpeni. Yale mepesi yanaruka haraka, ndiyo ile harufu kali inayokupiga puani msumeno ukipita. Yale mazito yanatoka polepole sana, mwaka kwa mwaka, na hayo njo yanafanya sanduku la mwerezi liendelee kunukia hata mjukuu akilirithi. Tena yanakaa zaidi katika moyo wa mti, ile sehemu ya katikati yenye rangi nzito. Ule mviringo mweupe wa nje, karibu na ganda, unanukia kidogo tu, na wadudu wanaanza kula pale.

Sasa fuata vizuri. Ili pua ipate kitu, lazima uso wa mbao uwe wazi, mafuta yapate njia ya kutoka hewani. Ukipaka verni nzito, umeweka plastiki juu ya chungu cha mchuzi. Na hata mbao iliyoachwa wazi, baada ya miaka mingi uso wake unachoka, mafuta ya juu juu yamekwisha kuruka. Lakini chini kidogo, hata milimita moja tu, bado yapo. Piga msasa mwepesi, harufu inarudi. Njo maana nasema haikufa.

Turudi kwenye historia. Sipre tunayoiona Tshibinda, Lwiro, Katana, kwenye viwanja vya parokia na vya shule, siyo mti wa babu zetu. Jina lake la kisayansi ni Cupressus lusitanica, yaani sipre ya Ureno, na jina lenyewe linadanganya: mti ni wa Meksiko na Amerika ya Kati. Wareno waliupanda zamani kwao Buçaco, mtaalamu wa mimea Philip Miller akauandika 1768 akifuata ile ya Ureno, na jina likabaki hivyo mpaka leo. Kwetu ulikuja pamoja na ukoloni. 1928 iliundwa Comité National du Kivu kwa kugawia wazungu ardhi. 1933 likaundwa INEAC, shirika la utafiti wa kilimo, ambalo kituo chake cha Mulungu wengi wetu tumepita pale kwa staji. Mashamba ya kahawa, ya chai na ya kwinini yalihitaji kuni, miti ya kukinga upepo, mbao za majengo. Miti ya msitu wetu wa mlima inakua polepole, sipre na mkaratusi zinakua haraka. Hesabu ilikuwa rahisi. Zikapandwa, mara nyingi kwa mikono ya watu ambao hawakuulizwa maoni.

Mji wakati ule uliitwa Costermansville, kwa jina la Paul Costermans, mkubwa mmoja wa utawala wa Dola Huru ya Kongo. Jina la Bukavu lilirudi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, jioni kunakuwa na baridi, basi nyumba za wazungu za miaka ya 1930 mpaka ya 1950 nyingi zilijengwa na mahali pa kuwasha moto na mbao ndani, kama nyumba za watu wanaojaribu kusahau kwamba wako Afrika. Mwenye nafasi apande Lwiro, kwenye kile kituo cha IRSAC, shirika lililoundwa 1947. Majengo yalichorwa na Charles Van Nueten. Aombe ruhusa ya kuingia katika maktaba, asimame karibu na makabati, avute pumzi. Nusu ni vitabu vya zamani, nusu ni mbao.

Lakini kabla Wabelgiji hawajaleta huku desturi zao za mbao, walikuwa wamekwisha kuchukua mbao za kwetu kwenda kwao, na hapa njo historia inakuwa nzito. 1897 mfalme Leopold II alifanya maonyesho makubwa ya Kongo huko Tervuren, karibu na Brussels. Wasanifu wanne, Paul Hankar, Henry van de Velde, Gustave Serrurier-Bovy na Georges Hobé, walipewa kumbi za kupamba, na wakatumia mbao za Kongo. Hobé alisimamisha matao ya bilinga, ile mbao ya njano inayokaribia rangi ya machungwa, na hakuificha chini ya rangi ingine. Watu wakashangilia. Mtindo mpya wa wakati ule, Art Nouveau, baadhi yao wakauita «Style Congo». Miaka miwili mbele ya hapo, 1895, Victor Horta alikuwa amekwisha kuanza nyumba ya Edmond van Eetvelde, katibu mkuu wa Dola Huru ya Kongo, na ndani yake pia mbao za Kongo zilitumika. Nyumba hiyo leo iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Na katika bustani ya Tervuren, mwaka uleule wa 1897, waliletwa Wakongomani 267 ili watazamwe na wageni katika vijiji vya kuigiza. Saba walikufa kule na wamezikwa kule. Kila nikisoma maelezo ya wapenzi wa sanaa juu ya uzuri wa yale matao ya bilinga, ninawafikiria wale saba. Siwezi kutenganisha mambo hayo mawili, na sidhani kama inafaa kuyatenganisha.

Kwa historia yetu ya rangi, kuna jambo moja pale linalonishangaza. Kule Ulaya mbao ya Kongo ilipendwa ju ya rangi yake yenyewe. Huku Kongo tukazoea kwamba mbao nzuri ni ile inayofanana na mbao ya mahali pengine. Nenda leo kwenye maduka ya rangi, usome makopo: «chêne», ni mwaloni wa Ulaya. «Noyer», ni mjozi, ule mti wa jozi, wa Ulaya vilevile. «Teck», mti wa Asia. «Acajou», jina ambalo kwanza lilikuwa la mti wa visiwa vya Karibi na Amerika. Sijaona kopo lililoandikwa «libuyu».

Tena libuyu njo mfano wenye kuchekesha zaidi. Hii mbao nyekundu ambayo meniziye wa Bukavu anaiheshimu kuliko zote, na ambayo Kigali wanainunua kwa pesa nzuri, ni Entandrophragma excelsum. Wanyarwanda wanauita umuyove, Watanzania mkukusu. 2016 wanasayansi walitangaza kwamba mmoja wao, kwenye bonde la Kilimanjaro, una mita 81.5, ndio mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika. Sasa, libuyu ni wa jamaa ya Meliaceae, pamoja na akaju wenyewe, wa Amerika na wa Afrika, na pamoja na ule mti wa Amerika unaotengenezewa masanduku ya sigara ju ya harufu yake. Kwa hiyo mtu anachukua mbao ambayo ni ndugu ya akaju, anaipaka rangi ya kuifanya ifanane na akaju, halafu anaifunga kwa verni. Ni kama kumvalisha mtu barakoa ya sura ya kaka yake.

Rangi ya zamani ya mafundi wa Ufaransa na Ubelgiji ilikuwa brou de noix. Mwanzo ilitoka kweli katika maganda ya jozi, yale ya kijani yanayochafua mikono. Baadaye ile inayouzwa kama unga ao vipande vyeusi ilitengenezwa zaidi kwa udongo fulani wa makaa, wenye jina la mji wa Kassel, Ujerumani. Jina la jozi likabaki kwenye karatasi tu. Hiyo rangi inayeyuka katika maji, na kumbukeni neno hilo, maji, tutalirudia. Fundi alipaka rangi ya maji kwanza, halafu juu akapitisha nta ya nyuki, ao gomlaki iliyoyeyushwa katika alkoli, kwa kitambaa, tabaka jembamba jembamba. Gomlaki inatoka kwa mdudu mdogo wa India. Kazi ya siku nyingi na ya mkono. Verni za kiwandani zilipokuja, zile za kopo, zenye kukauka haraka na kung'aa kama kioo, nani angeendelea kusugua kwa kitambaa siku nne? Hapo njo harufu ilipofungiwa mlango. Haikuwa hila ya mtu. Ilikuwa haraka.

Kuna hadithi ingine ya kweli ambayo inanifundisha zaidi ya hii yote, na ni ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekishika: kreyo. Nani hajanusa maganda ya kreyo darasani? Ile harufu ilikuwa ya mwerezi mwekundu wa Amerika, Juniperus virginiana. Mbao yake ni laini, inanyooka, kisu kinapita bila kupasua. Katika karne ya 19 viwanda vya kreyo viliukata kama watu waliokuwa na uhakika hautaisha. Pale Cedar Key, Florida, kampuni za Eberhard Faber na Eagle zilikuwa na viwanda vya kupasulia mwerezi, mpaka miti mizuri ikaanza kupungua, na tufani la 1896 likamalizia. Ikafika mahali wanunuzi wanazunguka vijijini kununua nyua za zamani, ghala na vibanda vya mwerezi, wavibomoe na kuvigeuza kreyo. Kisha wakapata mti mwingine upande wa California na Oregon, Calocedrus decurrens. Ulikuwa unafaa kwa kila kitu, isipokuwa rangi yake ilikuwa hafifu na harufu yake siyo ile. Watu waliozoea kreyo nyekundu yenye kunukia walikataa. Viwanda vikafanya nini? Vikautia rangi, na vikautia manukato, ili ufanane na marehemu. Baadaye wanunuzi wakazoea.

Na Wajerumani? Wao walikuwa na koloni letu jirani. Milima ya Usambara, juu ya Lushoto, ilikuwa na misitu ya mtarakwa, Juniperus procera, ndugu wa ule mwerezi wa Amerika. Mbele ya vita ya 1914, kampuni ya Wilkins & Wiese ilijenga kiwanda cha mbao mahali palipoitwa Neu-Hornow, leo ni Shume. Mlima ni mkali, hakuna barabara ya kushusha mzigo, basi wakatundika waya wa angani kutoka msituni mpaka stesheni ya Mkumbara kwenye reli ya Usambara. Mbao zikateremka zikining'inia juu ya mabonde, zikapanda treni mpaka Tanga, zikapanda meli, zikawa kreyo Ujerumani. Mtoto wa Ulaya alikuwa ananusa mlima wa Lushoto kila akinoa kreyo yake, bila hata kujua jina la mlima. Baadaye Kenya nayo, chini ya Waingereza, ikauza vijiti vya mtarakwa kwa viwanda vilevile.

Naipenda historia hii kwa sababu inaonyesha wazi kwamba rangi na harufu ni vitu viwili mbalimbali. Kijiti cha kreyo kinalowekwa katika rangi na nta, lakini ukikinoa bado kinanukia, ju ya nini? Ju kisu kinafungua uso mpya. Rangi haikuua kitu. Kinachoua ni kufunga uso na kutoufungua tena. Hilo njo somo la kiufundi kwa lambri zetu, na limekaa ndani ya kreyo ya franka mia chache.

Nirudi Kivu, kwa jambo ambalo vijana wengi hawalijui kwa sababu lilitokea kabla hatujazaliwa. Mafundi wazee wanasema sipre ya siku hizi hainukii kama ya zamani. Mimi nilidhani ni maneno ya wazee, yale ya «zamani kila kitu kilikuwa kizuri». Kumbe kuna sababu. 1986 ilionekana Malawi chawa wa mimea, mdogo kama punje ya ufuta, anayefyonza maji ya matawi ya sipre. Wataalamu walimwita Cinara. Alipanda kaskazini haraka sana: Tanzania, Burundi, Rwanda, Uganda, huku kwetu Zaire, na 1990 alikuwa Kenya. Sipre zikakauka zikiwa zimesimama, kuanzia ndani kwenda nje, rangi ya kutu. Mitarakwa ya asili pia ilishambuliwa. 1994, Malawi, waliachilia nyigu mdogo, Pauesia juniperorum, anayetaga mayai ndani ya yule chawa, na hali ikapoa pole pole. Lakini watu wengi walikuwa wamekwisha kukata sipre zao kabla hazijafa, na waliopanda upya wanakata mapema, ju shida haingoji. Sipre changa ina moyo mdogo. Moyo mdogo, mafuta kidogo. Hapo wazee wana haki, bila verni kuingia hata kidogo katika kesi.

Na libuyu je? Libuyu inatoka msituni, na msitu karibu nasi ni Kahuzi-Biega: hifadhi tangu 1937, parki ya taifa tangu 1970, ikapanuliwa 1975, urithi wa dunia 1980. Katika miaka ile ya 1970 Wambuti, wale ambao wengi wanaita Batwa, walitolewa ndani bila ardhi ingine na bila fidia. 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi kwamba haki zao zilivunjwa. Hawa ndio watu waliokuwa wanajua miti ile kwa pua, usiku, bila taa. Siye wahitimu tunaijua kwa jina la Kilatini. Sisemi mtu asinunue libuyu. Inakuja pia kutoka pande za Shabunda na kwingine, na fundi anakula kwa kazi hiyo. Nasema mbao ya mti uliochukua karne kukua, ukiifunika kwa rangi ya kopo mpaka haitambulikani, bora ungenunua mkaratusi wa miaka kumi na mbili, pesa ingine ingebaki mfukoni.

Basi kwa wale wanaojenga, ao ambao baba anajenga na hawawezi kumnyamazisha, haya ndiyo ninayoyaona yanafanya kazi. Mambo mengi yanaamuliwa mbele ya rangi. Mbao lazima ikauke, na huku kwetu mvua inaanza Septemba mpaka Mei, basi mbao iliyopasuliwa jana haipokei rangi yoyote sawasawa. Ipangwe kivulini, vijiti kati ya mbao na mbao, upepo upite, miezi kadhaa. Ukiianika juani ipate kukauka haraka, itapasuka na kujikunja. Chagua zenye moyo mwingi. Na ukutani usizigandamize kwenye matofali. Ziwekwe juu ya vijiti, nafasi ya vidole viwili ibaki nyuma. Mgongo wa mbao haupakwi kitu, na ile hewa inayopita nyuma inakuletea harufu hata kama umeharibu mbele.

Rangi iwe ya maji. Maji yanapaka nyuzi za mbao, yanakauka, hayaachi ngozi juu. Kwanza lowesha mbao kwa maji matupu, nyuzi zitasimama. Ikikauka pitisha msasa mwepesi, halafu rangi. Brou de noix ikipatikana, vizuri. Isipopatikana, permanganati ile ya famasia, inayooshea mboga, inatoa rangi ya kahawia: inaingia ya zambarau, unashangaa, kisha dakika chache inageuka. Vaa glavu, na usiichanganye na alkoli wala na glisarini, ju inaweza kuwaka. Njia ninayoipenda mimi ni ya chai. Chemsha chai nyeusi ya milima yetu iwe nzito sana, paka, acha ikauke. Pembeni uwe umeloweka misumari ya zamani katika siki kwa siku kadhaa. Paka ile siki juu ya chai: tanini ya chai inakutana na chuma, na mbao inageuka kijivu, ao karibu nyeusi, kadiri ulivyopaka. Sipre yenyewe ina tanini kidogo, ndiyo sababu chai inahitajika. Jaribu kwanza kwenye kipande kinachotupwa, kila mti unajibu tofauti.

Baada ya rangi, nta ya nyuki iliyoyeyushwa katika tapentaini, kidogo kabisa, isuguliwe kwa kitambaa. Tapentaini ina harufu yake lakini inaondoka kwa siku chache. Pale chini ambapo viti na mikono ya watoto inagusa, gomlaki nyembamba inakubalika. Juu ya hapo, hakuna lazima ya kitu. Wenye kutumia mafuta ya kitani, yanafaa kwa mbao lakini yana harufu ya kwao kwa majuma, na vitambaa vilivyolowa visikunjwe na kutupwa pembeni: vinajipasha moto vyenyewe na kuwaka. Katika mji ambao sote tunajua moto unafanya nini kwa nyumba za mbao Kadutu, sihitaji kuongeza neno. Na ile huile ya vidange ya gari ambayo watu wanapaka dhidi ya mchwa, ibaki huko nje kwenye nguzo za ua, isiingie chumba ambamo mtu analala.

Pesa zikitosha sehemu moja tu ya nyumba, mimi ningeacha ukuta na kuchukua plafo. Joto la jioni linapanda kule, mikono haifiki, mvua haifiki, na meniziye hana sababu hata moja ya kukuomba pesa za verni. Akileta kopo, mwambie alirudishe dukani.